Sikio la Kisogo

Wanamuziki wa bendi ile walimfahamu meneja wao kwa nyuma kuliko kwa mbele. Waliujua kila mkunjo wa shingo yake, waliujua upara ulivyoanza utosini na kuteremka mwaka hadi mwaka kama maji yanayotafuta njia, lakini ungewauliza kama ana sharubu wangetazamana kwanza. Onyesho likianza, yeye alisimama chini ya jukwaa, katikati kabisa, akawageuzia mgongo na kuwatazama watu. Hakugeuka mpaka wimbo wa mwisho uishe. Ndiyo maana walimwita Kisogo, na jina likamkaa vizuri hata mama mkwe wake, mtu wa heshima zake, akawa analitumia bila kujua kwamba lilianza kama utani.

Mikono aliifunga nyuma, kama mwalimu mkuu anayepita madarasani, na vidole vyake ndivyo vilivyozungumza na bendi. Kiganja wazi: endeleeni. Ngumi: malizeni. Kidole gumba kikielekea kushoto: mwachieni gitaa. Kidole cha mwisho kikitikisika: mpiga ngoma, umekunywa, punguza mwendo. Ishara hii ya mwisho ilitumika sana.

Mjini alisifika kwa sikio. Mtunzi akileta wimbo mpya, Kisogo aliurekodi, akaubeba nyumbani, na kesho yake akarudi na hukumu: huu utatembea, huu tuuzike. Hakukosea. Watu wa redio walizungumza juu ya sikio la Kisogo kwa sauti ya chini, kama watu wanaozungumza juu ya kaburi la mtakatifu. Wakimuuliza amejuaje, hakueleza sababu. Wakubwa wa kweli hawaelezi sababu, na Kisogo aliwazidi wote kwa hilo, kwa kuwa yeye sababu hakuwa nayo. Kisogo hakusikia muziki.

Hakuwa kiziwi. Alisikia sufuria ikianza kuchemka chumba cha pili, na mtu akimsengenya ng'ambo ya barabara hakumpita. Ila muziki, kwake, ulikuwa mvua juu ya bati. Aliweza kusema imeanza, imezidi, imekwisha. Kwamba mvua moja inaweza kuwa tamu kuliko nyingine, hilo aliliamini kwa imani tu, kama tunavyoamini kwamba dunia inazunguka huku chai imetulia kikombeni.

Aliingia katika kazi hiyo kwa njia ya gundi. Ujana wake alikuwa mbandika mabango: ndoo ya uji mzito wa unga wa ngano, brashi ya kupakia chokaa, na kuta za mji mzima. Alibandika mechi za mpira, wahubiri, wagombea na waganga, mara nyingine wote ukuta mmoja katika wiki moja, hata mhubiri akaonekana ana miguu ya golikipa. Siku moja alibandika mabango ya bendi ngeni, na mwenye bendi, aliyepungukiwa na mtu, akamwomba asimame mlangoni azuie wasio na tiketi. Kazi ya mlangoni ina sharti lake: macho yako kwa watu, jukwaa mgongoni.

Kelele zikaanza nyuma yake. Mbele yake kulikuwa na mchukuzi wa mifuko ya saruji, mtu mwenye shingo kama kisiki, na kijana wa mabango akamwona amefumba macho, machozi yanamtiririka na huku anatabasamu. Kando yake alikaa karani wa posta ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu hata kwa bahati mbaya. Mabega ya karani yalikuwa yanapanda na kushuka kana kwamba kuna mtu darini anayavuta kwa kamba. Kisha ukumbi mzima, watu wasiojuana, wenye madeni tofauti na dini tofauti, wakavuta pumzi pamoja.

Kijana alishikwa na hofu, ile ya kuona matawi yanainama na wewe huusikii upepo. Akageuka aone ni nani aliyeingia. Aliona wanaume sita wenye suruali za kubana wakihangaika na vyombo. Basi, hao tu. Akarudisha macho kwa watu, na huko ndiko yalikobaki maisha yake yote. Wapo waliosoma dini hadi meno yakang'oka wasipate alichokipata mbandika mabango yule pale mlangoni.

Hakwenda tena kubandika mabango ya wengine. Kutoka mlangoni akawa mtu wa kutangaza maonyesho kwa kipaza sauti juu ya gari, kutoka hapo akawa wa kukodi kumbi, na mwisho akawa na bendi yake mwenyewe, ambayo ni njia ya kupata watoto kumi kwa mpigo bila kumsumbua mke. Aliwatoa mahabusu, aliwapelekea posa, aliwasuluhisha na wakwe. Aliwahi kukaa msibani siku nzima akilia kwa niaba ya mpiga besi aliyekuwa na onyesho. Kila alasiri ya onyesho aliwageuzia mgongo, akangoja kile kitu kiingie.

Na alijifunza kukisoma. Alijua kwamba wanaocheza mapema hawana maana. Hao wangecheza hata mbele ya mashine ya kusaga. Wa kutazamwa ni mume aliyeburutwa na mkewe, yule anayekaa upande upande na funguo mkononi kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Funguo zikirudi mfukoni, dalili ni njema. Mwanamke akiuteremsha mkoba wake kutoka mapajani na kuuweka sakafuni, sakafu ile isiyoaminika, ujue amesahau kwamba dunia ina wezi. Bega la kwanza likipanda katika kundi hilo la waliokuja kwa shingo upande, vidole vya Kisogo vilifunguka mgongoni, kiganja wazi, na bendi ikaenda mpaka watu watoke jasho.

Lakini mabega husema baada ya wimbo kupigwa. Kabla ya hapo, nyumbani, peke yako na mkanda, utamuuliza nani? Kisogo aliuuliza mguu wa mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, mapazia ya ofisi, na suti zote za bendi, kwenye cherehani nyeusi ya kukanyaga iliyokaa chini ya dirisha la sebule. Mshono wake ulikuwa rula. Mafundi wengine waliwaleta wanafunzi wao kuutazama. Mwanzoni kabisa mwa ndoa yao, Kisogo alileta mkanda wa mazoezi, akauweka kuona kama umerekodi, na akiwa amekaa kitako akihesabu mabati ya dari kwa kuchoka, akaona kitu. Wimbo wa kwanza, mguu ulikanyaga kama kawaida. Wa pili, kama kawaida. Wa tatu, ule mguu ukaacha njia yake. Ukapunguza, ukangoja, ukabonyea, ukangoja tena, na mwenye mguu hakuwa na habari. Alikuwa anamlaumu jirani aliyemwaga maji machafu njiani. Aliposhituka, mshono wa kola ulikuwa umekwenda kombo. Akaufumua, akaulaani uzi.

Wimbo wa tatu uliimbwa na nchi nzima mwaka ule. Hata wafungwa waliuimba, na askari waliowalinda wakaitikia.

Tangu hapo hukumu zote zilitoka chini ya dirisha lile. Kisogo alikaa kwenye kiti chake na gazeti, macho yamepita juu ya gazeti yakashuka hadi kwenye kile kikanyagio cha chuma. Mguu ukinyooka, wimbo ulizikwa bila matanga. Mguu ukipotea, wimbo uliishi. Anayetaka historia ya bendi ile asisome magazeti. Azigeuze suti zao nje ndani. Kila palipo na mshono uliopinda, pana wimbo uliowafanya watu waoane. Fundi hakuwahi kuelewa kwa nini yeye, aliyeshona mapazia ya benki bila doa, alikuwa kilema kwenye suti za bendi tu. Alidhani ni kitambaa.

Kisogo hakumwambia. Mwanzoni aliona aibu, baadaye aliona woga, na mwisho ikawa mazoea, ambayo ni aibu na woga vikizeeka pamoja. Jambo moja alikuwa amelijaribu mapema: kumuuliza kwa mdomo. Kwa mdomo, fundi alizisifu nyimbo zote. Alikuwa mwanamke mwenye malezi.

Ikaenda hivyo hadi goti la fundi likavimba. Daktari alilibonyeza, akaandika, akakataza kukanyaga cherehani. Binti yao, nesi, mtoto asiyejua masihara, hakungoja majadiliano. Alikuja na cherehani ya umeme, nyeupe, nyepesi kama sahani, akaichukua ile nyeusi akaenda nayo kwake ili mama asijaribiwe, na juu yake akaweka chungu cha maua. Kisogo alipouliza kwa sauti ya kupita tu kama ile ya zamani haiwezi kubaki kama ukumbusho, bintiye alimtazama.

"Baba, goti la mama halina spea."

Kisogo akaishukuru zawadi.

Cherehani mpya ilikuwa na kipedali kidogo cha kubonyeza kwa ncha ya kidole. Ukibonyeza inakwenda, ukiachia inasimama. Haikuwa na maoni. Ililia zzzz kwa nyimbo nzuri na zzzz kwa nyimbo mbaya, mishono yote ikawa rula, na fundi akafurahi kama mtu aliyepona ugonjwa wa siri. Kisogo alikaa nyuma ya gazeti lake kama nahodha aliyepokonywa dira na kupewa saa ya ukutani, nzuri, inayofanya kazi.

Isingekuwa neno kama si ukumbi. Ukumbi ambamo bendi ilipiga kila Jumapili alasiri ulikuwa wa mzee mmoja aliyependa muziki na kuchukia hesabu. Mzee akafa, ukashikwa na mwanawe, kijana mpole aliyependa hesabu. Mwenye ukumbi huyu mpya alikuwa amepata mtu mwenye kompyuta moja anayeweza kutoa sauti za vyombo vyote, asiyegombana na mtu, asiyehitaji suti, na asiyelala mahabusu. Lakini kwa heshima ya marehemu baba yake aliwapa Jumapili moja. Alipanga viti ukumbini, safu kwa safu, mahali ambapo zamani watu walisimama tu. Sharti lake lilikuwa jepesi na la kutisha: wimbo wa kufungulia ukiwainua watu vitini, bendi inabaki. Wasipoinuka, waachane kwa wema.

Ukumbi mwingine wa kuwachukua haukuwepo. Wapiga vyombo wa Kisogo walikuwa na vitambi na wajukuu. Bendi ikitoka pale ilikuwa imekwisha, na yeye hakujua angesimama wapi tena akitazama mabega ya watu.

Nyimbo mpya zilikuwa mbili. Ya kwanza ya Chiriku, mwimbaji wao, mwanamke mwenye sauti kubwa na subira ndogo: wimbo wa haraka, wenye makofi na majigambo. Ya pili ya mpiga gitaa, mtu aliyezungumza mara moja kwa wiki: wimbo wa taratibu juu ya mtu aliyerudi kwenye nyumba aliyokulia, akakuta wapangaji, wakamkaribisha kama mgeni. Bendi iligawanyika vipande viwili, wakanuniana, kisha wakakubaliana juu ya jambo moja tu: bosi achague. Sikio si lipo?

Kisogo aliiweka simu yake mezani, karibu na cherehani nyeupe, akazipiga nyimbo zote mbili. Zzzz. Akazirudia. Zzzz. Alizirudia mpaka mkewe akaondoa kidole kwenye kipedali.

"Mzee, umepoteza nini?"

Alisema hajapoteza kitu.

"Umekaa hapo unatazama miguu yangu tangu asubuhi. Kama ni mapenzi, sema, niinuke nikaoge."

Hapo Kisogo alichoka. Akamweleza yote, kuanzia mkanda wa kwanza na kola iliyopinda. Alimweleza kwamba yeye hasikii muziki na hajawahi kuusikia, na kwamba sikio linalosifiwa mjini lilikuwa mguu wa mkewe, wa kulia. Akamaliza, akangoja hasira.

Fundi aliondoa miwani, akaifuta kwa kipande cha bitana.

"La muziki nalijua. Siku ya harusi yetu ulicheza kama mtu anayefukuza kuku shambani. Mama aliniuliza kama huna kifafa." Akarudisha miwani. "La mguu ndilo silijui. Kumbe ni wewe uliyeniharibia kola za watu miaka yote hii, na mimi namlaumu muuza uzi."

Kisha akautazama mguu wake mwenyewe kwa jicho jipya, kama mtu aliyeambiwa kwamba mpangaji wake wa siku nyingi ni mtu mashuhuri. Kisogo akaona uso wake unafunguka. Nyimbo zile zote, harusi zile zote, wafungwa na askari. Ni huu? Huu wenye goti bovu?

"Basi tuujaribu," akasema, na sauti yake ilikuwa na adabu, kama ya mtu aliyealikwa ikulu.

Waliuweka mguu juu ya kigoda, wakaufunua hadi kwenye kifundo, wakapiga nyimbo zote mbili. Wote wawili waliinama wakautazama. Mguu ulilala palepale. Walijaribu kwa kiatu na bila kiatu. Fundi alijifanya anazungumza juu ya jirani na maji machafu, lakini alizungumza kama anayesoma, na jicho moja likawa linateleza kushuka kwenye kigoda. Mguu ulikuwa umeshajua kwamba unatazamwa, ukashika heshima zake kama mtoto aliyeletwa mbele ya wageni.

Kisogo akamuuliza, kwa kukata tamaa, yeye kwa mdomo anaonaje.

"Zote nzuri," akasema fundi.

Kisogo akaelewa alichokifanya. Alikuwa na kitu kimoja duniani kilichomwambia ukweli, na alikuwa amekiambia ukweli.

Jumapili ikafika yeye hajachagua. Bendi ilikwenda ukumbini mapema kujaribu vyombo, kila mmoja akingoja Kisogo aseme kwa mdomo, jambo ambalo hawakulizoea wala yeye hakulipenda. Mpiga ngoma, akishusha ngoma yake kubwa, akapasua shati kwapani. Ilikuwa bahati mbaya ya kawaida. Mpiga ngoma na mashati yake waliishi kama paka na panya. Fundi alikuwa ameletwa na bintiye kushuhudia kwa macho, baada ya miaka ya kukwepa ngazi za ukumbi ule. Akalidai shati, akakaa kiti cha safu ya mbele, akanyoosha goti, akatoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake. Bila cherehani, kwa mkono tu.

Kisogo alikuwa pembeni na mwenye ukumbi, wakizozana kwa upole juu ya viti. Kisogo alisema watu wakikaa hawasikii vizuri. Mwenye ukumbi alisema ndiyo maana ya viti, wimbo uwainue. Jukwaani fundi mitambo akaomba kipande cha wimbo, wowote, apime sauti. Chiriku, ambaye hakungoja kuombwa mara mbili, akaanza wa kwake. Juu ya bega la mwenye ukumbi Kisogo alimwona mkewe akishona: sindano inaingia, inatoka, inaingia, inatoka, kama karani anayegonga mihuri. Fundi alikuwa anamweleza binti yake jambo juu ya bei ya vifungo.

Fundi mitambo akaomba kingine. Mpiga gitaa akaanza wa kwake, bila mwimbaji, gitaa tupu.

Sindano ilitoka kwenye kitambaa, ikaenda juu na uzi wake, na huko juu ikakaa. Fundi alikuwa bado anazungumza juu ya vifungo. Sindano ikashuka taratibu, ikaingia, ikangoja ndani, ikatoka, ikapaa kwa uzi mrefu kuliko ulivyohitajika. Mkono ukaifuata. Maneno ya vifungo yakapungua, yakawa moja moja, yakakatika katikati ya bei. Mdomo wa fundi ulibaki wazi kidogo. Mkono ulikwenda na kurudi, na mwenye mkono hakuwepo.

Kisogo aliona vinyweleo vya mikono yake mwenyewe vimesimama. Alikuwa amelijua jambo hili kwa nusu ya umri wake na bado lilimkuta mtupu, kama siku ya mlangoni. Kitu kisichoonekana kilikuwa kimepita karibu yake bila kumgusa, kikaenda kukaa kwenye ncha ya sindano ya mke wake.

"Mzee?" mwenye ukumbi aliuliza, kwa kuwa alikuwa ameachwa katikati ya sentensi.

"Tunafungua na ule wa taratibu," Kisogo akasema.

Vichwa viligeuka jukwaani. Wimbo wa taratibu kuwainua watu vitini ni kama kumwamsha mtu kwa mto. Hata mpiga gitaa, mwenye wimbo, alionekana kutaka kukata rufaa. Chiriku akashuka jukwaani, akamwendea, akasimama mbele yake.

"Bosi, watalala. Wa kwangu unawatoa vitini hata kama wana mimba. Huo wa nyumba na wapangaji, watu watakumbuka kodi wakae chini vizuri zaidi."

Kisogo alisema huenda.

"Sasa kwa nini?"

"Sikio limesema."

Chiriku alivitazama vidole vyake kutafuta ishara, kama alivyozoea. Kisha akarudi jukwaani akaimba wimbo wa mwenzake, kwa kuwa alikuwa mkorofi lakini hakuwa mhuni.

Alasiri watu wakaja, wakakaa. Viti vina tabia hiyo. Vinawafanya watu wawe wasikilizaji wa hotuba. Mwenye ukumbi alisimama pembeni amekunja mikono, bila ubaya wowote, kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Kisogo akaenda mahali pake, akaligeuzia jukwaa mgongo, akafunga mikono nyuma. Mvua ikaanza kunyesha juu ya bati.

Ubeti wa kwanza ulipita. Hakuna bega. Vidole vyake vilikuwa vimefunguka, kiganja wazi. Kiitikio kikapita. Mtu alikohoa. Katika safu ya tatu alikaa mume aliyeburutwa, amekaa upande upande, na funguo za gari zinaning'inia kidoleni. Kisogo akamng'ang'ania kwa macho. Akawaza kwamba huenda mkono si sawa na mguu. Huenda mkewe alikuwa amechoka tu. Ngumi ilianza kujikunja mgongoni mwake, ile ya kumaliza, na mpiga besi aliiona ikianza.

Funguo zikaacha kuning'inia. Yule mume alizitazama kama asiyejua ni za nini, akazitia mfukoni. Mwanamke mmoja nyuma yake akauteremsha mkoba sakafuni, akauachia. Mwingine akauteremsha wake. Ngumi ya Kisogo ikafunguka.

Hakuna aliyecheza. Hilo ndilo alilolieleza baadaye na watu wasimwamini. Waliinuka. Kwanza mzee mmoja, akishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, kisha yule mume, kisha safu nzima, kisha nyingine, taratibu, bila kutazamana, kama watu wanavyoinuka nyumbani mgeni mzito anapobisha hodi. Walisimama na mikono yao ikining'inia, nyuso zimefunguka, na mabega, mabega yote ya ukumbi ule, yakapanda pamoja na pumzi moja na kubaki juu. Mwenye ukumbi alikuwa amekunjua mikono na hakuwa na habari kwamba imekunjuka.

Kisogo, kwa mara ya pili katika maisha yake, aligeuka kuona ni nani aliyeingia. Aliwaona wapiga vyombo wake wakihangaika. Suruali bado zilikuwa zinabana, ingawa sasa kwa sababu nyingine. Wao nao walimwona usoni, na Chiriku, aliyekuwa anaimba na kulia kwa wakati mmoja, nusura apoteze mstari kwa mshangao: kumbe bosi ana sharubu. Kisogo akawarudia watu haraka, asije akakosa kitu.

Baada ya onyesho mwenye ukumbi alikuja kumshika mkono. Hakusema mengi, alisema kesho asubuhi ataviondoa viti. Bendi ilimzunguka mpiga gitaa, ambaye alitumia neno lake la wiki. Fundi alikuwa amekaa palepale safu ya mbele na shati la mpiga ngoma mapajani, lililorudishwa limelowa jasho. Aliligeuza nje ndani kuangalia kama mshono umestahimili. Akausogeza karibu na miwani. Mshono wa kwapani ulianza umenyooka kama rula, ukafika mahali, ukaacha njia, ukapanda na kushuka kama barabara ya milimani.

Akachukua mkasi wake mdogo.

"Usiufumue," Kisogo akasema.

Mkasi ukasimama. Fundi aliutazama mshono, akamtazama mumewe, akautazama mkono wake wa kulia. Kisogo akafungua mdomo.

"Usiniambie," akasema mkewe.

"Sijasema neno."

"Na usiseme. Mguu umeuharibu kwa mdomo wako mwenyewe. Mkono huu niachie, nisijue kitu." Akalikunja shati, akalitia mfukoni mwa gauni, na akaanza kumlalamikia bintiye juu ya bei ya vifungo, akianzia palepale alipokuwa ameishia.

Bendi bado inapiga kwenye ukumbi ule, na sikio la Kisogo bado linasifiwa. Kitu kimoja tu kimebadilika, na wanamuziki wamekiona bila kukielewa. Kila unapoletwa wimbo mpya, nguo zao zinaharibika. Vifungo vinadondoka, mapindo yanaachia, mifuko inatoka. Kisogo huzikusanya, akazipeleka nyumbani na simu yake, akakaa nyuma ya gazeti. Mfukoni mwa koti lake huwa kuna kiwembe, kimefungwa vizuri ndani ya karatasi. Mkewe huzipokea zile nguo, akaziangalia pale zilipokatwa, mkato safi usiofanana kabisa na wa kuchakaa. Haulizi. Hutunga uzi, akageukia dirishani, na kuanza kuzungumza juu ya jirani.